Wati Mia Mbili na Arobaini

Mke wangu alicheka mara tatu kabla chai haijachemka, na mara zote tatu hakucheka na mimi.

Nilikuwa jikoni. Sebuleni walikuwa wameilaza kompyuta mezani juu ya gazeti, ubavu wazi, kama mbuzi anayesubiri kupasuliwa. Lameck, mwimbaji mwenzake mke wangu kwenye kwaya, aliinama juu yake na tochi ya simu. Hilda alishika karatasi na kalamu, na kila Lameck aliposoma namba, yeye aliiandika. Katika miaka arobaini na sita ya ndoa yetu sikuwahi kumwona mwalimu yule akiandika imla ya mtu mwingine.

"Wati mia mbili na arobaini," Lameck alisema kwa ile besi yake iliyokuwa ikitetemesha madirisha ya kanisa. "Hapo ndipo ulipo mpaka wetu, Mwalimu. Waliozinunua mashine hizi kwa ajili ya barua za ofisi hawakudhani zitakuja kutengeneza filamu."

"Na mimi je, nilidhani?" Hilda akajibu, akacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa ya tatu.

Chai ilipokuwa tayari nilimpa Lameck kikombe kilichomeguka sikio. Alikizungusha taratibu, akakishika kwa upande mzima, akashukuru.

Kompyuta ile binti yetu Ruthu aliinunua kwenye mnada wa vifaa vya ofisi, akatuletea Krismasi. Hilda alikuwa katibu wa kwaya, na kwaya ilikuwa inatimiza miaka hamsini mwezi wa Novemba. Alitaka kuunganisha picha za zamani, kanda za sherehe na nyimbo zilizorekodiwa upya, apate filamu moja ya saa nzima, ionyeshwe kanisani siku ya jubilei wakati waimbaji wa kwanza waliobaki bado wana macho ya kuona. Walikuwa wamebaki wanne. Lakini kila alipounganisha vipande viwili, picha iliganda, waimbaji wakabaki midomo wazi, na mke wangu akabaki ameshika shavu.

Kompyuta ilihitaji kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachobeba kazi ya video. Hilo Lameck ndiye aliyeligundua. Tatizo lilikuwa pawa saplai, lile boksi la chuma ndani ya kasha linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa kila kiungo. Lilitoa wati mia mbili na arobaini, si zaidi, na plagi yake ilikuwa ya namna ya peke yake, kwa hiyo huwezi kwenda dukani ukaleta kubwa zaidi ukaifunga. Kadi ilipaswa kuishi na kile kitakachobaki baada ya wengine kula. Lameck alikuwa ameipata moja mjini, ndogo, ya wati sabini na tano, isiyotaka hata waya wa ziada.

"Baba Ruthu," Hilda aliniita. "Fundi umeme wa nyumba hii ni wewe. Tupigie hesabu. Ukisema inatosha, kesho Shemeji Lameck anaifuata."

Lameck akainuka kwenye kiti kunipisha. "Kweli kabisa. Mimi nilikuwa mchora ramani tu. Kaka Stanley ndiye aliyesomea."

Alikuwa na miaka sitini na minne, mimi sabini na miwili. Kila alipoingia kwangu alisema "Shikamoo, kaka" na kuinamisha kichwa. Shikamoo ni haki yangu. Lakini ya kwake, mbele ya Hilda, niliisikia kama mtu anayenisomea umri wangu kwa sauti.

*

Mwaka 1975 nilikuwa kibarua wa reli pale Gulwe. Mto ulipofurika na kuchukua tuta, sisi ndio tuliobeba mataruma, yale magogo ya kulazia reli, mabegani na kulaza njia upya. Nilijua kuandika jina langu na kuhesabu nguzo za simu. Kugawanya sikujua. Mshahara ulipokatwa, sikuweza kujua kama ulikatwa sawasawa.

Ndipo akaja mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Alikuwa na miaka ishirini, sketi ya kaki, miguu yenye vumbi jekundu mpaka magotini. Saa kumi na moja jioni, sisi tukitoka njiani tukinuka jasho na oili, yeye alikuwa ametundika ubao kwenye ghala la stesheni. Wengine walikuja kumtazama yeye. Mimi pia nilikuja kumtazama yeye, sitadanganya, ila nilikaa mpaka nikautazama na ubao.

Alikuwa na sheria moja ambayo wanaume walimcheka kwayo. Kila hesabu ukiimaliza, uchore mstari chini yake, kisha uirudie kinyumenyume: uliyojumlisha uyatoe, uliyogawanya uyazidishe, mpaka urudi ulikoanzia. Chini ya mstari uandike neno *Uthibitisho*.

"Mwalimu, jibu si nimeshalipata?" mnyapara alimuuliza siku moja.

"Umelipata wewe. Mimi bado," Hilda akamjibu.

Nilithibitisha kila kitu. Nilithibitisha mshahara wangu nikakuta kweli nilikuwa naibiwa, nikaenda na daftari kwa bwana stesheni, nikarudishiwa. Nikaendelea na masomo ya jioni Mpwapwa, kisha kwa posta, mpaka nikapata cheti cha umeme nikavuliwa ukibarua. Cheti kiko ukutani hadi leo. Na kwa karibu miaka hamsini, iwe bei ya mabati au kipimo cha dawa ya mizabibu, sijawahi kuandika hesabu bila kuchora ule mstari na kurudi nyuma. Hilda aliwahi kumwambia Ruthu, mimi nikisikia, "Nilimkubali baba yako kwa sababu ya sehemu ya chini ya daftari lake."

*

Walitoka nje kuagana. Nilibaki mezani na bahasha ya bili ya maji na peni.

Nilipiga kwanza kichwani. Prosesa, wati sitini na tano. Ubao wa saketi na kumbukumbu, thelathini na tano. Diski, kumi na tano. Mafeni, matano. Jumla mia moja na ishirini. Ongeza kadi ya Lameck, sabini na tano: mia moja tisini na tano. Zinabaki arobaini na tano.

Ilitosha. Ilitosha na kubaki.

Mtu yule alikuwa amechagua vizuri kuliko ambavyo ningechagua mimi. Nilikaa nalitazama jambo hilo. Kisha getini Hilda akacheka mara ya nne.

Niliandika prosesa, wati tisini na tano. Nilijua si kweli. Namba ya kweli ilikuwa mbele yangu, kwenye karatasi, kwa mwandiko wa mke wangu. Jumla ikawa mia mbili ishirini na tano. Nikaongeza theluthi moja zaidi kwa ajili ya nguvu ya kuwashia, kana kwamba kompyuta ni pampu ya kisima. Sabini na tano nyingine. Mia tatu. Nikaandika: *Inazidi. Italeta moto.*

Nikachora mstari chini, kwa mazoea ya mkono. Hapo peni ikasimama. Niliweza kuandika uongo ule kwenda mbele, lakini kurudi nao nyuma, namba moja moja, sikuweza. Nikaiacha sehemu ya chini ya bahasha nyeupe.

Hilda aliisoma kwa muda mrefu kuliko hesabu yenyewe ilivyokuwa. Akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake.

"Haya," alisema.

Alimpigia Lameck palepale. "Shemeji, mume wangu amepiga. Anasema inazidi." Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kubishana naye, hata namba ya ukurasa wa kitabu changu cha umeme nilikuwa nayo. Lakini upande wa pili besi ikasema, nikaisikia mpaka nilipokaa, "Kama kaka Stanley amesema, basi."

Ushindi wangu ulidumu siku mbili.

*

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, Hilda alitoka chumbani amevaa viatu vya kutokea.

"Safari ya wapi?"

"Ng'ong'ona, kwa Lameck. Ana mashine yake, ile aliyokuwa akichorea ramani. Nitafanyia kazi huko Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mpaka filamu iishe."

"Nyumbani kwake?"

"Mashine iko nyumbani kwake, Baba Ruthu. Hii yetu si umesema haiwezi?"

Aliuliza bila hasira yoyote. Nikaenda kumfungulia geti.

Kutoka kwetu Makulu hadi Ng'ong'ona si mbali. Bajaji ukiikuta ina abiria haikawii. Lakini Septemba ya Dodoma ina upepo wa kumtia mtu wazimu, unaokuja na vumbi la nchi nzima na kulimwaga mlangoni pako, na mimi nilikaa katika upepo huo alasiri tatu kila wiki, kwa wiki tano, nikifikiri. Lameck alikuwa mgane wa miaka miwili. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu. Mashine ingekuwa sebuleni au chumbani? Mtu akimwonyesha mwenzake kitu kwenye kioo cha kompyuta husimama wapi? Nyuma ya kiti. Na mkono huuweka wapi?

Hilda alirudi jioni, macho mekundu kwa kutazama kioo, ananukia mchaichai. Sisi hatunywi mchaichai.

"Lameck anasema rangi za kanda ya mwaka themanini na mbili zinaweza kurudishwa."

"Anasema hivyo?"

"Lameck anasema besi ya zamani ilikuwa nzuri kuliko ya sasa, na yeye mwenyewe akiwamo."

"Mnyenyekevu sana."

Alinitazama. Nikajitia kutafuta miwani.

Katika wiki ya tatu nilinyoa ndevu zangu zote nyeupe. Nilijitazama kwenye kioo nikaona kidevu ambacho sikuwa nimekutana nacho tangu ujana. Hilda aliporudi alisimama mlangoni, akanichunguza, akasema, "Umefanana na marehemu baba yako," akaenda kuwasha jiko.

Jumanne ya wiki ya tano Paulina, jirani yetu na sauti ya kwanza wa kwaya, alipita na ndoo ya zabibu kichwani.

"Shikamoo, Mzee. Mwalimu yupo, au yupo ofisini?"

"Marahaba. Ofisi gani?"

"Si ile ya Ng'ong'ona! Siku hizi ukimtaka mkeo, Mzee, itabidi uombe miadi kwa Lameck." Akacheka mpaka akaishika ndoo kwa mikono yote miwili. "Na wewe nani kakunyoa hivyo? Umekuwa kama mtoto wa kipaimara!"

Ulikuwa utani, nami namjua Paulina. Ana ulimi lakini hana sumu. Hata hivyo sikulala mchana ule, wala Jumatano. Alhamisi, saa moja baada ya Hilda kuondoka, nilivaa koti, nikamfuata.

*

Nilishuka mbali kidogo nikatembea. Nilikuwa nimetunga sababu: nimepita kumtazama mtu wa zabibu, nikaona nisalimie. Niliirudia njiani kama mtoto anayetumwa dukani.

Kabla ya nyumba nilimwona Lameck. Alikuwa nje.

Alikaa kwenye kigoda ukutani, upande wa barabara, kitambaa kimefungwa puani na mdomoni kwa ajili ya vumbi, sinia la maharage mapajani. Alikuwa anachambua. Mabega yake yalikuwa na vumbi la kahawia kama mtu aliyesahauliwa shambani. Mlango wa sebule ulikuwa wazi kabisa, umezuiwa kwa tofali, na pazia limefungwa fundo juu, hivyo kila mpita njia aliweza kuona ndani: meza, kioo, na mgongo wa mke wangu.

"Shikamoo, kaka." Aliinuka haraka, maharage yakamwagika.

"Marahaba. Mbona uko nje, na upepo huu?"

Alishusha kitambaa. Alionekana kushangaa kwamba naulizia jambo kama hilo. "Mwalimu ni mke wa mtu, kaka. Na mimi nyumba hii sina mwanamke. Akiwa ndani, kiti changu ni hiki. Akikwama ananiita, naingia, namwonyesha, natoka."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne ya kwanza."

Wiki tano. Nilitazama kigoda. Ardhi mbele yake ilikuwa na vishimo viwili, pale visigino vyake vilipokuwa vikikaa.

Niliinama kumsaidia kuokota maharage, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuuweka uso wangu. Tukaokota, wazee wawili, magoti yakilia. Akasema taratibu, bila kunitazama:

"Ile hesabu, kaka, nami nilikuwa nimeipiga. Mara tatu."

"Ukapata ngapi?"

"Mia moja tisini na tano."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema vipi? Mbele ya mkeo?"

Nilikuwa nimekuja nimejiandaa kumchukia mtu kwa ubaya wake. Sikujua kwamba unaweza kumwonea mtu wivu mkubwa zaidi kwa uungwana wake. Ubaya ningeushinda. Huu ningeufanyaje? Nilijipangusa mavumbi magotini nikaingia ndani.

Hilda hakugeuka. Kwenye kioo kulikuwa na wasichana wa kwaya ya kwanza, nguo nyeupe, wamesimama mbele ya kanisa la udongo. Watatu kati yao niliwazika mimi.

"Nimesikia sauti yako," alisema. "Kaa."

Nikakaa. Alifungua mkoba, akaitoa bahasha, ikiwa bado imekunjwa mara mbili, akailaza mezani kati yetu.

"Huku chini hakuna kitu, Stanley."

Hakuwa ameniita Stanley tangu Gulwe. Mbele za watu mimi ni Baba Ruthu. Faraghani nina jina jingine ambalo halikuhusu wewe msomaji. Stanley nilikuwa kwenye daftari la mahudhurio.

"Ulijua siku ileile," nilisema.

"Nilijua kabla sijafika kwenye jumla."

"Ukanyamaza wiki tano. Ukaja huku."

"Kazi ilikuwa ifanyike. Wanne waliobaki hawanisubiri mimi nimalize kugombana na mume." Aliondoa miwani akajikanda macho. "Na mwanafunzi mtu mzima sikuwahi kumsahihisha mbele za watu. Nilingoja ulete mwenyewe. Kila jioni nilifika nyumbani nikasema, leo ataleta."

"Nilikuwa na wivu," nilisema. Ni neno dogo. Nilishangaa lilivyokuwa zito kulitoa.

"Hilo nililijua pia. Wivu si kitu, Baba Ruthu. Kila mtu anao, hata mimi nilikuwa nao kwa yule mama wa kantini Mpwapwa, unamkumbuka? Lakini ulichukua kitu kimoja nilichokuwa naweza kukitegemea ndani ya nyumba yangu bila kukagua, ukanidanganyia kwacho. Sasa nitakuwa nakagua. Hiyo ndiyo hasara, basi. Si wiki tano."

Akanipa peni. Niliandika upya pembezoni mwa bahasha, namba za kweli, nikachora mstari, nikarudi nyuma: mia moja tisini na tano toa sabini na tano, toa matano, toa kumi na tano, toa thelathini na tano, mpaka nikafika kwenye sitini na tano ya prosesa. Hilda alivaa miwani akaikagua kutoka juu hadi chini, mstari kwa mstari, kama hajawahi kuniona.

"Sawa," alisema. Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Shemeji! Ile kadi bado ipo mjini?"

*

Ilikuwapo. Jumamosi hiyo Lameck aliileta Makulu kwenye boksi dogo lisilozidi kitabu cha nyimbo. Nilimkaribisha, nikampa kikombe kizuri, na nikaona kwamba ameitambua tofauti, akashukuru vilevile.

Tulilaza kompyuta mezani. Alifungua ubavu, akatoa kibati cha nyuma, akaweka skrubu kwenye kisosi. Kisha akasogea pembeni, akanyoosha kadi kwangu kwa mikono miwili.

"Weka wewe, kaka."

"Wewe ndiye unayejua."

"Hii ni nyumba yako."

Hilda alisimama upande wa pili wa meza, mikono ndani ya kitenge. Niligusa chuma cha kasha kwanza, kuondoa umeme wa mwilini, jambo nililofundishwa kabla Lameck hajajua kompyuta ni nini, na nikajiona mjinga kwa kulifikiria hilo wakati ule. Nikaipima kadi juu ya nafasi yake. Nikaisukuma. Ilikataa upande mmoja, ikakubali, ikalia *ka*. Lameck akafunga skrubu ya kwanza, mimi nikafunga ya pili.

Nilichomeka waya. Hilda akabonyeza.

Feni zilianza kwa sauti ya chini, sauti mpya ikiwa miongoni mwao. Nilisubiri harufu. Haikuja. Kioo kikawaka. Akafungua ile sehemu ya wasichana mbele ya kanisa, mahali palepale palipokuwa pakiganda, na wasichana wakaanza kuimba, wakapita pale, wakaendelea, vichwa vyao vikicheza, mabega yakipanda na kushuka, vumbi la mwaka ule likiinuka miguuni mwao.

Hilda akacheka kwa nguvu, kicheko kile chenyewe, akageuka kutoka kwenye kioo ili acheke na mtu.

Tulikuwa tumesimama bega kwa bega, Lameck na mimi. Nilikuwa na muda mfupi sana wa kujua anamgeukia nani, na sikutaka kuutumia. Skrubu moja ilikuwa imeanguka kutoka kwenye kisosi. Niliinama kuitafuta chini ya meza, nikaitafuta vizuri, kwa vidole, mpaka kwenye pembe. Nilipoinuka nayo, wote wawili walikuwa wakitazama kioo, na wimbo ulikuwa umefika kwenye ubeti wa pili.